Nyumba, Si Nyumbani

Jumamosi asubuhi soko la Burma, Nairobi, hujaa mpaka mtu akasahau alichofuata. Nduta hakusahau. Alifuata samaki, na mama muuzaji alikuwa amemtajia bei ya kumfukuza.

Ndipo akasogea kijana mmoja, suruali imepanuka chini, viatu vya raizoni vya soli nene vikimwongezea urefu asiouhitaji. Akasema maneno mawili matatu kwa Kijaluo. Mama akacheka, akashusha bei, akaongeza na samaki mmoja wa bure.

"Umemwambia nini?" Nduta aliuliza.

"Kwamba wewe ni mke wangu, na mimi nikilala njaa huwa mkali."

"Ala! Nani mke wako?"

"Mama ameshaamini. Sasa mkanushie wewe, kwa Kijaluo."

Nduta alicheka mpaka akashika kilemba. Alivaa gauni refu la kitenge cha manjano, na kijana huyo, Caleb, karani wa mizigo katika reli, alilitazama gauni hilo hadi lilipovuka Barabara ya Jogoo. Jumatatu simu zikaanza kumfikia Nduta ofisini kwake.

"Tume ya Ustawi wa Wanawake, habari ya asubuhi."

"Nina mashtaka. Kuna mwanamke ameniibia moyo."

"Hapa ni serikali, bwana, na tunatetea wanawake. Hatuwashtaki."

"Nduta wangu, usinichekeshe, bosi ananitazama."

Mwaka mzima ukaenda hivyo, na tatizo likabaki moja tu. Caleb alilala Kaloleni, chumba kimoja na wanaume watatu.

"Mama yangu amekubali niolewe na Mjaluo," Nduta alimwambia. "Lakini nilale nyuma ya pazia na wanaume wanakoroma upande wa pili? Nyumba kwanza, mpenzi."

Mwezi Machi 1976 simu ikalia. "Nimepata! Makongeni, vyumba viwili!"

"Ya nani?"

"Ya reli. Jamaa mmoja amefariki, naingia mwezi ujao."

Nduta akapiga kelele ofisi nzima ikageuka. Jamaa mmoja! Hivyo ndivyo Caleb alivyomwita Walter, kaka yake wa tumbo moja. Na ndani ya nyumba hiyo alikuwamo bado Aoko, mjane wa Walter, na watoto watatu. Hilo hakulitaja. Sitamtetea.

Wiki mbili baadaye Tume ilikaa Makongeni kusikiliza malalamiko. Mkalimani wa Kijaluo aliugua, na Nduta, kwa fahari kubwa, akampendekeza Caleb. Kwenye orodha jina la Aoko lilikuwapo, mjane wa Walter Ouko. Caleb aliitwa Caleb Owino. Kwa kina Nduta, tofauti na kwa Wajaluo, ndugu hubeba jina la baba yao, kwa hiyo hakushuku lolote.

Aoko alipoingia ukumbini na kitambaa cheusi kichwani, jasho lilimtoka Caleb. Angesema pale pale, "Huyu ni shemeji yangu." Hakusema. Aoko naye alifurahi, akaona amepata mtu wake.

"Adwaro oda," Aoko alisema. Nataka nyumba yangu. Akaeleza kwamba cherehani yake na wateja wake wako hapa, na watoto wanasoma hapa. Aliomba wamwachie nyumba hadi Desemba tu.

Mwenyekiti, Bi. Nabiswa, akamgeukia mkalimani.

"Anataka nyumbani," Caleb alisema. "Arejee kwao na wanawe. Anaomba gharama za usafiri."

Silabi moja tu iliyoongezwa. Kiswahili cha Aoko kilikuwa cha sokoni. Alisikia "nyumba" humo ndani, akaitikia kwa kichwa. Nduta akaandika, moyo wake mweupe kabisa.

Siku nane baadaye Aoko alifika ofisini, bahasha ya serikali mkononi.

"Dada, mimi naomba nyumba, nyinyi napatia mimi tikiti ya gari ya moshi. Kwa nini? Na shemeji yangu alikuwa hapo, Caleb, ndugu ya bwana yangu. Yeye alisema muzuri."

Nduta alimkalisha kwenye benchi. Akainua simu, akampigia Caleb.

"Mpenzi! Leo umenipigia wewe?"

"Caleb, kwenu nyumba mnaiitaje?"

"Ot. Kwani?"

"Na nyumbani?"

"Dala," akasema, na sauti ikamshuka.

"Aoko alisema lipi?"

"Si wewe uliyesema nyumba kwanza?" Caleb alijibu.

"Nilisema nyumba. Sikusema ya mjane."

"Nilifanya kwa ajili yako, Nduta."

"Usinitie humo!" alifoka, akakata simu. Lakini alijua yumo, na hilo lilimchoma kuliko yote.

Nduta alimweleza Bi. Nabiswa yote, naye akasema faili ingefunguliwa upya mkalimani mwenyewe akija kutia sahihi kwamba alipotosha maneno. Caleb akapelekewa habari; akikiri, nyumba ataikosa, na kazi pengine. Siku ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Siku ya tatu aliingia na koti la kazini, akatia sahihi bila kuketi. Bi. Nabiswa akawaandikia wakuu wa reli barua siku hiyo hiyo, nao wakakubali Aoko akae hadi Desemba. Caleb walimbakiza kazini, wakamfuta kwenye orodha ya nyumba.

Jibu hilo lilipofika, Caleb alimngoja Nduta nje ya ofisi.

"Nyumba imekwenda," alisema. "Nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Basi tungoje. Iko siku tutapata nyingine."

"Hapana, Caleb."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda, ndiyo maana inauma hivi." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Mwanamke alikuamini mbele ya serikali nzima, ukageuza maneno yake, na mimi nikayaandika kwa mkono wangu. Nikiolewa na wewe, kila ukiniambia unanipenda nitatafuta mkalimani."

Caleb akarudia "nisamehe" kwa lugha zote tatu alizojua.

Nduta akarudi ndani. Wanawake saba walikuwa wakingoja kwenye benchi, na wa kwanza alikuwa ameshaanza kulia.