Aliyeziba Bomba la Darini

Shemeji yangu alikuwa amenikamata nywele kwa mkono mmoja, wa pili umenibana shingo, na uso wangu ulikuwa ndani ya tangi la maji ya moto.

Maji yaliingia puani. Yaliniunguza mpaka kooni.

"Nipe hicho kitambaa," alisema. Sauti imetulia kabisa.

Ngoja nikueleze ilikuwaje, msomaji wangu...

Naitwa Carys. Mimi ni fundi wa mifumo ya kupasha joto majumbani, yaani boila linalochemsha maji na redieta za ukutani zinazosambaza joto lake, hapa Aberdare, Wales. Nerys ni mdogo wangu wa tumbo moja. Tangu aolewe na Gethin, alianza kupotea kidogo kidogo. Simu hapokei. Krismasi haji. Nikienda kwake, mume ananijibu mlangoni.

"Amelala."

Mchana kweupe, amelala.

Niliwahi kuwaita polisi. Nerys mwenyewe akawaambia hana shida yoyote. Nikarudi nyumbani nalia.

Basi Januari hii, barafu imekaza, Gethin akanipigia yeye.

"Shem, nyumba imekuwa friji. Redieta za juu zote baridi, boila linagonga kama lina mtu ndani. Mafundi wote wako bize."

"Nakuja sasa hivi."

"Ukimaliza unasepa. Sitaki porojo."

Nilimkuta mama yake, Eirwen, mzee wa magoti mabovu, jikoni akimenya viazi. Hakuniangalia. Siku zote nilimhesabu yule bibi kama askari wa mwanawe.

Nerys alisimama kwenye sinki, skafu mpaka kidevuni. Jicho moja limevimba.

"Mdogo wangu, hujambo?"

Gethin akajibu yeye. "Hajambo. Darini ni huku."

Nilizima boila, nikapanda ngazi.

Mifumo ya zamani ina tangi dogo darini. Bomba moja linatoka chini ya tangi, linalisha maji kwenye boila na redieta. Lingine linapanda na kuinama juu ya tangi, la kupumulia. La kulisha likiziba, boila linakauka, linachemka, na bomba la kupumulia linatapika mvuke na maji ya moto humo tangini.

Ndicho nilichokikuta. Tangi la plastiki limelainika, limetoka tumbo.

Nilivaa glavu, nikapeleka mkono chini kwenye tundu. Nilitegemea matope meusi, ndiyo kawaida.

Nikatoa kitambaa.

Mkono wa gauni la kulalia, la njano. Gauni hilo nilimnunulia Nerys mimi mwenyewe. Mkono ulikuwa umechanwa kutoka kwenye gauni, na doa la damu limegandia kwenye pindo. Tena kimefungwa fundo... Ndugu zangu, kitambaa hakijifungi fundo chenyewe.

Mtu wa nyumba ile alikuwa ananiita kwa kitambaa hicho.

Nilipogeuka, Gethin alikuwa nyuma yangu.

Alikiona kitambaa mkononi mwangu. Alinipiga ngumi ya sikio, nikaona giza. Ya pili ikavunja pua. Ndipo akanizamisha.

Nilirusha mateke. Nilimkwaruza. Nguvu zikaanza kuniisha, nikajua leo nakufa kwenye tangi ninalolitengeneza.

Kisha nikasikia kishindo, kama gogo limepasuliwa. Mikono ikaniachia.

Nerys alikuwa juu ya ngazi, ameshika spana yangu kubwa.

"Mwache dada yangu."

Gethin alimfuata, damu inamtiririka shavuni. Nerys akampiga tena, begani. Akayumba, akakanyaga nje ya boriti... Dari ni ubao mwembamba tu. Ulipasuka, akapita mzima mzima hadi chumbani chini. Mguu wake ulivunjika, mfupa nje.

Bado alikuwa anatukana.

"Mama! Niletee kisu. Hawa hawatoki hai."

Tulisikia hatua za Eirwen zikipanda taratibu. Nerys akanishika. Hatua zikafika mlango wa kile chumba.

Halafu tukasikia ufunguo ukizungushwa. Kwa nje.

"Mama, fungua."

"Polisi wako njiani, Gethin. Lala hapo hapo."

Hospitalini, pua yangu imefungwa bandeji, nilimwambia Nerys, "Ulitumia akili sana kuziba lile bomba."

Akanishangaa.

"Bomba gani, dada?"

Eirwen alikuwa amekaa pembeni, mkoba magotini.

"Ni mimi," akasema. "Nilijua Gethin hataki uingie nyumbani, lakini baridi itamlainisha akuite. Na nilijua dada mtu ataitambua ile nguo."

"Ulipandaje darini na magoti hayo, mama?" nikamuuliza.

"Kwa kupumzika kila ngazi."

"Lakini ni mwanao."

"Ni mwanangu. Baba yake alinivunja taya nikiwa na mimba yake. Nilingoja mtu aje, mwanangu. Hakuja mtu."

Mahakamani alitoa ushahidi bila kulia. Gethin yuko ndani.

Siku hizi bibi huyo anaishi na Nerys. Mara moja moja huenda gerezani kumwona mwanawe, na anayempeleka kwa gari ni Nerys. Huwa anamsubiri nje ya geti mpaka atoke, kisha wanarudi nyumbani pamoja.

Wewe unayesoma, kama una ndugu aliyepotea ndani ya ndoa, usichoke kugonga. Na ndani ya nyumba ile, usiharakishe kuamua nani adui. Mimi nilimdhania Eirwen adui, kumbe ndiye aliyeniita.