Winfrida Hasemi

Siku ya soko Tarime mjini watu wanapigana vikumbo mpaka basi, na katikati ya vikumbo hivyo kiatu cha Winfrida kikamkatikia mguuni. Gauni lake la kitenge cha njano lilikuwa la kuingilia harusini, lakini alivyokuwa anachechemea ungedhani katoka uwanjani kucheza beki.

"Dada wa njano! Mlete mgonjwa huku!"

Aliyeita ni Revocatus, muuza viatu vya mitumba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linataka kukata mtu. Akakipokea kile kiatu kwa mikono miwili.

"Huyu ameshafariki. Poleni wafiwa."

"We kaka, nina haraka, kuna watu wananisubiri ofisini."

"Ofisi gani hiyo?"

"Mimi mwanasaikolojia. Watu wanakuja na mizigo yao, nawasikiliza."

"Basi na mimi naumwa. Nimeanza kuumwa ulipogeuka."

Winfrida akacheka bila kupenda. Revocatus akamfungia pea nyingine kwenye mfuko, akamwazima na ndala za kuondokea. Ofisini, Winfrida anafungua mfuko: viatu viwili, vyote vya mguu wa kulia. Kwenye soli kumeandikwa namba ya simu. Akapiga, amewaka.

"We tapeli! Cha kushoto kiko wapi?"

"Kiko hapa, kinataka kunywa chai na wewe."

Chai ikazaa chakula cha jioni, na mvua za masika zilipokatika wale wawili walikuwa hawaachi simu.

"Umekula, Winnie wangu?"

"Nimekula, Revo. Wewe?"

"Nakula sauti yako. Ongeza chumvi kidogo."

Sasa sikia. Kati ya watu waliokuwa wanakuja kwa Winfrida kulikuwa na Boke, msichana mzima, mpole wa sauti, mgumu wa shingo. Ukoo ulitaka aolewe na mwanaume mmoja wa Nyakunguru mwenye mashimo ya dhahabu. Boke hakumtaka. Alitaka kwenda Nyansurura kwa bibi mmoja asiye na mtoto, aolewe na huyo bibi kwa mila ile ya Wakurya wanayoiita nyumba ntobhu: bibi anatoa ng'ombe, binti anajichagulia mwanaume wa kuzaa naye, na watoto wanakuwa wa nyumba ya bibi. Winfrida alimuuliza mara nyingi, kwa njia nyingi, kama kuna mtu anamsukuma. Hakuna. Ni akili yake mwenyewe.

Halafu siku moja Boke akasema, "Hata kaka yangu Revo, yule wa viatu pale sokoni, hanielewi."

Moyo wa Winfrida ukapiga teke. Hakuonyesha. Akamwambia Boke ukweli unaomhusu yeye mwenyewe tu: kwamba huyo Revo ni mtu wake wa karibu, kwa hiyo kazini kwake si sawa kuendelea kumsikiliza Boke. Boke akakubali, Winfrida akamkabidhi kwa mshauri mwenzake wa Mugumu. Kwa Revo, Winfrida hakutoa neno. Ingekuwaje atoe?

Lakini Tarime ni ndogo. Bodaboda aliyempeleka Boke kwa Winfrida ndiye aliyepeleka na habari kwao. Asubuhi moja mlango ukafunguka, akaingia Revo, nyuma yake baba yake mkubwa, mzee Heche, kofia kichwani na fimbo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, sina maneno mengi. Uje kwenye kikao cha ukoo useme Boke ana ugonjwa wa akili. Ukisema wewe msomi, ule upuuzi wa Nyansurura umekwisha."

"Mzee, nani anakuja hapa na nani haji, mimi sisemi."

"Winnie, ni mimi," Revo akasema. "Si mgeni. Niambie tu alikwambia nini."

"Kwa kuwa ni wewe, ndiyo sikwambii kabisa. Leo nikikupa la mwingine kwa sababu nakupenda, kesho nani atakaa kwenye kiti hiki?"

"Huyu ni mdogo wangu, analazimishwa kuolewa na bibi kizee!"

Winfrida alijua si kweli. Neno moja tu lingetosha kumtuliza Revo na kumrudisha mikononi mwake. Akalimeza, likashuka kama mfupa.

"Mura, kijana wangu, huyu mwanamke anakuchezea," mzee akasema.

Revo akamwangalia Winfrida, macho mekundu. "Uje kwenye kikao, au tumeachana. Chagua."

Winfrida akasimama, akafungua mlango mpaka mwisho.

"Nimechagua. Tokeni. Na wewe mzee, uangalie ngazi."

Wakatoka. Akafunga mlango, akalia mpaka wanja ukafika kidevuni, akajifuta, akaita aliyekuwa anasubiri nje.

Simu ya Revo haikuita tena. Winfrida aliishika simu yake kila jioni, akaiweka. Apige aseme nini?

Jumamosi moja mchana anafua mashuka nyumbani kwake Nkende, geti likagongwa. Revo, shati halina pasi.

"Naruhusiwa?"

"Simama hapo hapo. Sema."

"Boke amesimama kwenye kikao jana. Akasema, 'Sina wazimu. Kwa mshauri nilikwenda kwa miguu yangu, na Nyansurura nakwenda kwa miguu yangu. Anayetaka dhahabu aolewe yeye.' Baba mkubwa fimbo ilimdondoka. Winnie, nilidhani umemfundisha wewe. Kumbe ukaidi ni wake mwenyewe. Nilikukosea sana, mpenzi."

"Ulinikosea."

"Sasa yote yako wazi, niambie tu. Alikuwa analia akija kwako?"

"Nani?"

"Boke!"

"Boke yupi?"

Revo akashika kiuno. "Hata sasa? Mwenyewe ameniruhusu nikuulize!"

"Basi aje aniambie mwenyewe. Tena sikia, Revocatus. Ukinitaka, utalala na mimi, utazeeka na mimi, na hutajua ya watu mpaka tunazikwa. Usipoweza, geti hilo."

Revo akacheka, cheko la mtu aliyeshindwa akafurahi. Akatoa simu, akaweka spika.

"Shikamoo, baba mkubwa. Nimepata mke. Ndiyo, yule yule aliyekufukuza."

Simu ikaunguruma Kikurya kikali, Winfrida akajifanya anakamua shuka.

"Hapana, hajasema kitu," Revo akajibu. "Nimembembeleza hapa mpaka nimechoka, hasemi. Ndiyo maana namuoa."

Mzee akashusha sauti: "Na mambo yetu ya humu ndani akiyajua, hatasema?"

"Hatasema."

"Mura... nitakuja kuposa mwenyewe."

Winfrida akaisogelea simu, mikono inachuruzika povu.

"Karibu sana, baba mkubwa. Ila ukija kuniuliza ya watu, utaishia getini."