Ngoma Juu ya Paa la Nyamu

Harufu ndiyo iliyotangulia. Harufu ya tumbaku ya kunusa ilimkuta Kagure akichambua maharagwe ya njahi mlangoni pake, pale Manyatta, mchana wa ukungu. Na nyumba ile haikuwa na mtu wa kunusa tumbaku tangu mumewe, mzee Njeru, azikwe nyuma ya migomba.

Akainua uso. Juu ya ghorofa ya Nyamu, jirani wa ukuta kwa ukuta, mafundi walikuwa wametoka kusimamisha milingoti ya chuma, na nyaya zake zilivuma kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe.

"Ni simu ya upepo, mama," akasema Nelius, mke wa mwanawe. "Kampuni inataka kuita malori yake ya majani chai. Mtu anaongea hapa, dereva anasikia akiwa Meru."

"Bila waya?"

"Kwa upepo tu."

"Na huo upepo unajuaje ni nani anaitwa?"

Nelius akacheka. Kagure hakucheka.

Watu wa pande hizo, mtu akiitwa na hamwoni anayemwita, haitiki. Anangoja. Binadamu ataita tena, maana ana shida yake. Ngoma huita mara moja tu. Na ngoma kwa Kiembu si ile ya kuchezwa harusini, la. Ni wafu wasiotulia, na vitu vingine vinavyojifanya wafu, vile ambavyo watu wa pwani huviita majini.

Kagure alikuwa amemfundisha hivyo mjukuu wake, mtoto mwenye pengo la meno ya mbele, aliyepewa jina la babu yake kama ilivyo ada: Njeru. Kwa sababu ya jina hilo bibi alimwita mume wangu. "Mume wangu, njoo ule!" Na mtoto, mkono kiunoni: "Umepika nini leo, Kagure?" Watu wakavunjika mbavu. Baba yake alikuwa kazini Mombasa, kwa hiyo mwanamume wa nyumba alikuwa yeye.

Wiki haikuisha, paa likaita.

Mtoto alikuwa uani akisukuma gari lake la waya. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mibuni. Nyaya zikanyamaza ghafla, na katika ule ukimya sauti ya mzee ikasema kutoka juu, "Njeru!" Kisha ikakohoa, kikohozi kikavu, na kukwangua koo kama mtu anayeburuta kiti.

Mtoto akafungua mdomo.

"Nyamaza!" Kagure aliangusha ungo, njahi zikatapakaa.

Wakangoja. Sauti haikuita tena. Nyaya zikaanza kuvuma upya.

"Cucu," mtoto akamnong'oneza bibi yake, "ni guka?"

"Guka yako amelala nyuma ya migomba."

"Lakini amekohoa."

Nelius alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imejaa unga. Safari hii hakucheka. "Mama, hiyo ni sauti ya mzee. Naijua."

"Sauti ni yake," Kagure akasema polepole. "Lakini Njeru wangu alikuwa mtu wa hodi. Hata kwake mwenyewe alibisha. Hawezi kuita mtoto kutoka kwa paa kama kunguru. Hiyo kitu imevaa sauti yake."

Tangu hapo hawakuwa na amani, maana kila ukungu uliposhuka nyaya zilinyamaza, na kila ziliponyamaza jina liliitwa, mara moja tu, mara nyingine karibu sana hata mtoto akageuza shingo kuangalia nyuma ya sikio lake. Kuku wakakataa banda la upande wa ukuta, maziwa yakanuka tumbaku yakiwa bado na joto la ng'ombe, na mtoto akawa anakula huku amejiziba mdomo kwa kiganja, asije akajisahau akaitika, kwa kuwa bibi alikuwa amemwambia neno ambalo hakuna mtoto anayepaswa kuambiwa: ukiitika, mwanangu, atakayebaki hapa si wewe.

Majirani nao walikuwa na yao. Ntinyari wa mboga alisikia jina lake kwa sauti ya dada aliyemzika kule Mikinduri. Wakamwendea Nyamu. Nyamu akawaambia wivu wa ghorofa ni ugonjwa na waende wakaombewe. Wakaombewa kweli. Ukungu ukashuka, jina likaitwa katikati ya amina.

Ndipo wakapeleka pingamizi halmashauri, na halmashauri ikaja kuwasikiliza kwenye ukumbi wa soko. Diwani Gitari alikaa mbele, karani wake kando, na bwana mmoja wa kampuni, mwenye tai, aliyetoka Nairobi. Madirisha yalitazama paa la Nyamu.

"Hizo mawaya zimekausha ng'ombe yangu!" Ntinyari akaanza.

"Hizo ni nyaya, si mawaya," Nyamu akadakia. "Na ng'ombe yako ilikauka hata kabla mimi nioe!"

Ukumbi ukacheka. Kagure akasimama. Nelius alikuwa kando yake, mtoto mapajani.

"Kiswahili yangu ni ya soko," Kagure akasema, "lakini mtanisikia. Kwa paa ya Nyamu kuna ngoma. Inaita huyu mtoto. Toeni hiyo chuma kabla aitike."

Bwana wa kampuni akatabasamu. "Ngoma, mama? Sisi hatupigi ngoma. Mitambo yetu haina kelele hata ya redio."

"Si ngoma ya kupiga!"

"Basi ya kucheza?"

Wakacheka tena. Lakini waliojua Kiembu, na ndio walikuwa wengi, walicheka wakitazama viatu vyao. Nani angesimama mbele ya mgeni, yeye mzee wa kanisa, aseme anaogopa ngoma? Kagure akamtazama Gitari, kijana aliyemjua tangu akibebwa mgongoni, na ambaye mama yake mwenyewe alimfundisha kutoitika. "Gitari, mwana wangu, mwambie."

Gitari akamgeukia karani wake. "Karani," akasema, "andika: kelele za ngoma."

Karani akaandika. Kisha akafunua ukurasa wa wenye viwanja vinavyopakana na jengo. Tangu mzee azikwe hakuna aliyekwenda kubadilisha jina la kiwanja.

Nje ukungu ulikuwa umefika dirishani. Nyaya zikanyamaza.

"Njeru!" karani akaita, mara moja.

Kagure aligeuka, mkono umenyooka kuuziba ule mdomo mdogo, na harufu ya tumbaku ikampiga usoni.

"Niko," akajibu mtoto.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Haya, mwenye kiwanja amefika!" Mtoto akakohoa kikohozi kikavu, akakwangua koo. Waliosikia ni Kagure, na Nelius ambaye mapaja yake yaliingiwa na baridi.

Uamuzi ukasomwa: milingoti ibaki, mradi ngoma zisipigwe.

Na kweli, kukawa kimya. Jioni ile nyaya hazikuvuma. Ntinyari alipita akisema Mungu ni mkubwa, wametusikia. Ndani, karibu na mafiga, mtoto alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mzee, mguu mmoja chini ya mwingine, kidole gumba kikisugua kidole cha shahada kama mtu anayefinya tumbaku.

"Njeru," Nelius akamwita. "Njeru. Njeru!"

Hakugeuka.

"Umepika nini leo, Kagure?" akauliza, na mara hii hapakuwa na wa kucheka.

Ndipo kutoka juu ya paa la Nyamu, katikati ya vyuma na ukungu, sauti ndogo yenye pengo la meno ikasema:

"Mama?"

Nelius akaruka mlangoni. Kagure akamkumbatia kwa nyuma, akamziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Ni yeye," Nelius akalia ndani ya viganja. "Mama, ni mtoto wangu, ataanguka..."

"Ngoja."

"Ananiita!"

"Kama ni yeye, ataita tena. Ngoja, binti yangu. Ngoja."

Wakasimama hapo kizingitini, wameshikana, masikio juu. Nyuma yao kigoda kikalia kidogo. Yule aliyekikalia alikuwa naye ameinua uso kuelekea paa, akingoja ya pili.