Mtu Aliyechorwa Dirishani

Ufunguo ulizunguka kwenye kitasa. Mwalimu wa maktaba akauchomoa, akautia mfukoni, akasema kwa sauti yake ya upole kwamba hivyo hakuna atakayetusumbua.

Jamani, mpaka hapo yeye nilikuwa simwogopi hata kidogo. Nilichokuwa naogopa ni katuni.

Ngoja niwaeleze.

Shuleni kwetu wote tulikuwa tunafuatilia katuni moja ya mtandaoni. Mapenzi ya wanafunzi, vichekesho mwanzo mwisho. Msichana mpole, na mvulana anayempenda ila kila akimkaribia lazima aharibu kitu. Amwage ndoo. Aporomoke ngazini. Agonge kengele kabla ya saa yake.

Mchoraji hakujulikana. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Jumapili moja nimejilaza kwenye kochi na simu ya mama, kicheko kikakatika.

Yule msichana alikuwa mimi...

Soksi moja imeteremka. Mkanda wa begi umefungwa kwa kamba ya kiatu. Halafu sehemu mpya ikamwonyesha analia peke yake nyuma ya maabara. Mimi nililia palepale wiki ile, nilipofeli hesabu, na ningeapa hakuna aliyeniona.

Kumbe kuna macho.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kugeuka nyuma. Chakula hakishuki. Kila anayenitazama darasani namwona ndiye. Mama akauliza nina nini, nikasingizia kichwa.

Na mwenzangu wa dawati tulikuwa tumeshakosana. Tulimwita Balaa, maana visanga vyake havikuisha. Siku mwalimu wa maktaba aliponiomba nibaki nimsaidie kupanga vitabu, Balaa akanimwagia chupa nzima ya maji kwenye sketi. Siku nyingine akajiangusha mlangoni pa maktaba, eti mguu umeteguka, ikabidi nimkokote hadi kwao. Nikachoka naye, nikahama dawati.

Basi kilio changu nikampelekea mwalimu wa maktaba. Wazazi walimsifu, na sisi alituazima vitabu hadi likizo. Akanisikiliza, akasikitika, akaniambia nisimwambie mtu, hata mama. Nije na simu baada ya masomo, tumtafute huyo mchoraji pamoja.

Ndiyo nikawa mle ndani, mlango umefungwa, nafungua katuni kuanzia sehemu ya kwanza ili nimwonyeshe.

Sikuwahi kuitazama taratibu. Sasa nikaona.

Nyuma ya msichana, kwenye kioo cha dirisha, miwani ya duara. Sehemu ya pili, mlango umeachwa wazi kidogo, miwani ileile. Mbele zaidi, mtu amesimama gizani chini ya ngazi, kalamu nyekundu nyuma ya sikio...

Kila mvulana alipoharibu kitu, mtu huyo alikuwa amebakiza hatua chache tu kumfikia msichana. Vichekesho vyote tulivyovicheka, kumbe ni mtu anamkinga mwenzake.

Nikainua macho.

Miwani ya duara. Kalamu nyekundu nyuma ya sikio.

“Mbona umenyamaza?” akauliza, akivuta kiti karibu. “Lete hiyo simu.”

Nikaificha simu mgongoni. Nikaomba kwenda msalani. Akasema nitaenda tukishamaliza, akanyoosha mkono.

Hapo kioo kikapasuka.

Jiwe likabingirika hadi kwenye viatu vyangu. Nje alisimama Balaa, nyuma yake timu nzima ya mpira iliyokuwa mazoezini imeduwaa.

“Nimevunja mimi!” akapaza sauti. “Mwiteni mwalimu mkuu! Huyu amejifungia humo na mwanafunzi!”

Watu wakaja mbio. Mwalimu akapapasa mfuko huu na huu, hata ufunguo wake mwenyewe haupati.

Kwa mwalimu mkuu, Balaa alinishika mkono, akasema yote. Mwaka uliopita yeye ndiye aliyekuwa akibakizwa kupanga vitabu. Alipomwambia shangazi yake anayemlea, akakemewa asichafue jina la mtu mzima. Akanyamaza. Alipoona zamu imenifikia mimi, akaanza kunifuata kila niendako, na kumwaga maji.

Baadaye nilimuuliza kwa nini kwenye katuni yake, naye ni msichana kama mimi, alijichora kama mvulana.

“Ningejichora mimi, mwalimu angenijua,” akasema. “Na mapenzi watu wanasoma. Ningeandika onyo, nani angefungua?”

Nililia tu, nikamwomba msamaha.

Mwalimu yule alichukuliwa na polisi. Wiki haikuisha, wasichana wengine wakaja na mama zao, kila mmoja na habari yake.

Ndugu zangu wanafunzi, mtu mzima akikwambia usimwambie mama, nenda kamwambie mama leo hiihii. Na wewe mzazi, jina la mtu mzima likichafuliwa bure litasafishika. Lakini mtoto asiposikilizwa mara ya kwanza, mara ya pili hasemi tena.

Anachora tu.