Mkoba Uliofungwa Mtupu

Alipoinua godoro asubuhi ile, Nta aliukuta mkoba umejaa.

Jana yake aliulaza pale ukiwa bapa kama daftari. Aliukunja mwenyewe, akaukandamiza kwa magoti mpaka hewa yote ikatoka, akafunga bizimu lake la shaba, ta!, akashusha godoro juu yake. Sasa ulikuwa umetuna. Ubavu huu na ubavu huu ulikuwa umesukumwa nje, kama wa mtu aliyevuta pumzi akaizuia. Na kama ungekuwa umejaa hivyo usiku kucha, mgongo wake ungejua.

Akaubonyeza kwa kidole. Ngozi ikazama, ikarudi taratibu. Ilikuwa na joto.

"Ni mimi nimeulalia," alijiambia.

Akaukandamiza tena, akaufunga tena, akaenda kazini. Kazini hakukuwa mbali. Karakana ya mikoba ilikuwa mbele, chumba chao kilikuwa nyuma, katikati ni pazia tu. Shangazi yake, dada wa baba yake, alimchukua shule ilipomshinda baba kulipia, akampa stuli, uzi na donge la nta. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupaka uzi nta, na jina likamganda hapo hapo.

Shangazi naye majirani walimwita Malkia wa Pua. Ukimletea mkoba hakuutazama kwanza, aliunusa. Alinusa mgongo wa ngozi, ule upande wenye manyoya laini, akakwambia kama ni ng'ombe au mbuzi, kama iliiva vizuri au ilitolewa mapema. Wateja walimpenda kwa maneno yake.

"Mama, usichague mkoba kwa kung'aa," alikuwa akisema. "Hata sufuria inang'aa. Bonyeza hapa kwa dole gumba. Umeona unavyokunja uso? Huyo ni mzima, ana hisia zake. Ukibonyeza asikunje kitu, mwache, huyo ni plastiki, atakuchunikia barabarani uaibike."

Na alikuwa na sharti moja lisilo na mjadala. Mkoba wa mtu ukiletwa kurekebishwa, vitu vyote hutolewa mbele ya mwenyewe, bitana hupigwa brashi, kisha mkoba hujazwa karatasi na kukaa rafuni umejaa hivyo mpaka mwenyewe arudi. Ukiachwa mtupu unapoteza umbo. Ukifungwa mtupu unaota ukungu. Hakusema zaidi ya hapo, na huenda hakujua zaidi.

Aliyejua zaidi alikuwa mkunga mstaafu, bibi mmoja mfupi aliyekuja siku Shangazi alipokwenda kuchagua ngozi. Mkoba wake ulikuwa umekomaa mpaka rangi imekuwa ya asali iliyoungua, pindo limeshonwa kwa mkono, mshono hadi mshono sawa kama meno ya mtoto. Ulizalisha nusu ya mtaa, mkoba ule. Ulikuwa umekatika mkanda tu.

Bibi alitoa humo vitambaa vyeupe vya kupokelea watoto, kimoja kimoja, kama mtu asiyetaka kuvitoa.

"Mjukuu wangu," alisema, "usiuache mtupu. Na ukiwa mtupu, usiufunge. Umenisikia?"

"Nimesikia bibi. Hapa tunajaza karatasi."

"Vizuri. Karatasi inatosha. Ni mahali pasipo na kitu ndipo anapopataka."

Nta hakuuliza ni nani anayepataka. Aliona ni maneno ya uzee. Akashona mkanda ule kwa moyo wote, na ukawa mshono mzuri kuliko wote aliowahi kushona. Bibi hakurudi siku aliyoahidi. Wiki ile ile wenzake Nta wa zamani walikuwa na mahafali, nao walimwalika. Angekwenda na nini mkononi? Mfuko wa nailoni? Akaubeba mkoba wa mkunga. Siku hiyo moja tu, aliapa, na siku hiyo wasichana aliowaacha darasani walimzunguka wakishika ngozi ile na kusema, "Shoga, umetutoka! Wewe si wa kiwango chetu tena!" Njia nzima ya kurudi alitembea ameinua kidevu.

Kisha akaja binti wa mkunga. Mama yake ameugua, alisema, amemtuma achukue mkoba wake. Shangazi alikuwa pale pale, ana msharasi mkononi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Hakuwahi kuuona mkoba huo, kwa sababu ulikuja hayupo na Nta, aliyeupenda, aliuweka chumbani toka siku ile. Akamgeukia Nta. Mkoba ulikuwa umetundikwa nyuma ya pazia, hatua chache tu, na Nta angeweza kusema "ngoja nikuletee." Lakini angeulizwa ulifanya nini chumbani, na Shangazi angejua.

"Hapa hakuna mkoba huo," alisema.

Ndiyo maana aliukunja. Ukiwa na karatasi usingeingia chini ya godoro.

*

Siku ile ulipotuna, harufu ilianza. Haikuwa harufu ya ngozi iliyoiva. Ilikuwa ya ngozi mbichi, iliyochunwa sasa hivi, yenye maji na nywele. Nta alifungua dirisha. Akafua pazia. Shangazi alipita katikati ya harufu ile akiimba.

"Shangazi, husikii harufu?"

"Ya nini?"

Nta alidhani anataniwa. Mchana akaja mteja mmoja, dereva wa lori mwenye midomo, akaweka pochi mezani. "Malkia, nimeuziwa hii naambiwa ngozi halisi. Hebu toa hukumu." Shangazi akainusa. Akaigeuza. Akainusa tena, akafumba macho, akainusa mara ya tatu mpaka dereva akacheka, "Ama leo pua imechukua likizo?"

"Mafua," alisema Shangazi. "Ni ngozi."

Ilikuwa plastiki. Hata Nta aliiona kutoka kwenye stuli yake.

Mteja alipoondoka, Shangazi alichukua kipande cha ngozi ya mbuzi, akakiweka usoni kama mtu anayetaka kunywa. Akachukua gundi. Akachukua kopo la mafuta. Alipogeuka, macho yake yalikuwa ya mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni.

"Sisikii kitu, mwanangu. Hata gundi."

"Itarudi, Shangazi."

"Itarudi," alisema Shangazi, akajikaza kisabuni, akarudi kushona. Nyuma ya pazia kitu kililia, ta! Sauti ndogo ya bizimu linalojifunga.

Binti wa mkunga alirudi amevaa kanga begani na macho mekundu. Mama yake haombi dawa, haombi maji, anaulizia mkoba tu. Anasema alimwachia msichana. Msichana mwembamba, mwenye nta vidoleni.

Nta aliangalia vidole vyake. Shangazi akamwekea mkono begani.

"Dada yangu, ugonjwa unachanganya watu," alisema kwa upole. "Huyu nimemlea mimi. Hachukui hata sindano bila kuniambia. Akikwambia haupo, haupo. Naapa kwa mikono yangu hii."

Nta angesema hapo. Maneno yalifika mpaka kwenye meno.

"Haupo," alisema.

Ta!

Jioni hiyo Shangazi alikuwa akishona pindo la mkoba mwekundu, akisimulia habari za jirani na mbuzi wake, na Nta akaona damu. Msharasi ulikuwa umepenya kidole cha Shangazi upande mmoja ukatokea wa pili, na yeye alikuwa bado anavuta uzi, anasimulia, anacheka, na kidole kinapita kwenye ngozi pamoja na uzi.

"Shangazi! Mkono!"

Shangazi akatazama chini. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Nta zaidi.

"Siusikii," alinong'ona. "Nta, siisikii mikono yangu."

Hapo ndipo Nta alipokimbilia chumbani. Mvua ilikuwa imeanza, mwanga wa dirishani ulikuwa wa kijivu. Godoro lilikuwa limeinuka katikati kama kuna mtu amejikunyata chini yake, linapanda na kushuka. Akapiga moyo konde, akauvuta mkoba ule uliokuwa mzito kama debe la maji, akafungua bizimu, na ndani hakukuwa na kitu, ila kile kisicho kitu kilikuwa kikubwa kuliko mkoba, giza lenye joto lililoshuka na kushuka bila bitana wala mwisho, na humo chini mtoto mchanga alikuwa akilia kwa mbali kama mtoto aliyesahauliwa mahali, na Nta, ambaye hakutaka, ambaye alikuwa anajiambia usitie mkono, usitie, alitia mkono mpaka kiwiko, mpaka bega, na humo ndani mkono mwingine ukamshika, kwa upole kabisa, mkono wenye sugu anazozijua na kastabini kwenye kidole cha kati, mkono wa Shangazi, uliokuwa pia kule mbele ukifungwa kitambaa. Kisha kitu kikasema karibu na sikio lake, kwa sauti yake mwenyewe Nta, sauti ya upole na adabu:

"Hapa hakuna mkoba huo."

*

"Nimeuona!" alipiga kelele akitokea kwenye pazia, mkoba kifuani. "Shangazi, nimeuona. Ulikuwa umeangukia nyuma ya marobota ya ngozi."

Ulimi ulisema wenyewe. Njia nzima ya kwenda kwa mkunga, wakiwa chini ya mwavuli mmoja, alikuwa akijiambia kwamba hiyo si kitu, mradi mkoba unarudi. Shangazi alitembea anajilaumu. "Na mimi nikaapa! Nikamwona yule dada kama mwongo, mama yake mgonjwa. Nitaweka wapi uso wangu, mwanangu?" Nta alimshika mkono ule usiosikia, akatazama matope.

Nyumbani kwa mkunga walikaribishwa chumbani. Bibi alikuwa amepungua mpaka mto ulionekana mkubwa kuliko yeye. Shangazi alipiga magoti, akaomba radhi kwa kosa lisilo lake, na Nta akasimama nyuma yake kama mtu aliyekuja kusindikiza tu.

Mkunga hakumtazama Shangazi. Alimtazama Nta.

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya marobota, bibi. Uliangukia huko."

"Sema tena, mjukuu wangu. Polepole. Nina nafasi."

Mvua ikapiga bati. Shangazi akageuka kumtazama, uso wake umejaa imani. Kama asingegeuka, labda Nta angesema.

"Uliangukia nyuma ya marobota."

Bibi akafumba macho kidogo, kama mtu aliyepokea habari aliyoitarajia. Akamwambia binti yake alete vitambaa. Akauweka mkoba tumboni, akafungua bizimu, na harufu ya ngozi mbichi ikajaa chumba hata binti akaziba pua.

"Aliyenifundisha kazi alinipa mkoba pamoja na huyu aliyemo," alisema. "Jini huyu si wa kelele. Yeye anatafuta mahali patupu palipofungwa, basi. Akiingia hula hisia za watu wa nyumba mpaka pajae." Kisha akauinamia mkoba, akaongea nao kama anavyoongea mtu na mtoto mkaidi. "Haya, baba. Toka. Pana wenyewe hapa." Akawa anatia kitambaa, na kingine, na kingine, anavisukuma mpaka pembeni, na kila alipotia mkoba ulishusha pumzi. Kitambaa cha mwisho kilipoingia ulikuwa mkoba tu, mzee, mzuri, wenye mkanda mpya.

Shangazi aliinua kichwa ghafla.

"Mkaa," alisema. "Kuna mtu anawasha mkaa uani. Na sabuni! Na wewe, dada, umepaka mafuta ya nazi!" Akashika shuka, akalisugua vidoleni huku machozi yanamtoka. "Lina mikwaruzo hapa. Nalisikia! Nta, nalisikia!"

Walicheka wote, hata binti. Mkunga peke yake hakucheka. Alikuwa akitazama mlango, uliofungwa kwa sababu ya mvua, na dirisha, lililofungwa pia.

"Ametoka," alisema. "Lakini sikumsikia akienda nje."

*

Asubuhi Shangazi alifungua karakana kama bibi harusi. Alinusa kila kitu. Ngozi ya ng'ombe, akaibusu. Ngozi ya mbuzi, akaitukana kwa mapenzi. Gundi, "Karibu tena, mshenzi wewe." Alipita rafu nzima ya mikoba ya watu, yote imejaa karatasi, akaipapasa mmoja mmoja kwa vidole vilivyofungwa bendeji.

Nta alikuwa kwenye stuli yake. Hakuwa amelala vizuri. Alihisi kama amevuta pumzi mahali fulani usiku na hajaitoa yote. Kifua kilikuwa kizito, na kilikuwa na joto.

Nitamwambia leo, aliwaza. Akimaliza kunusa, namwambia yote. Mahafali, godoro, yote.

Shangazi akafika kwake, akamkumbatia kwa nyuma, akaweka pua kwenye nywele zake kama alivyokuwa akifanya zamani. Mikono yake ikalegea.

"Nta," alisema kwa sauti ya chini, "mbona unanuka ngozi mbichi?"

Nta akageuka. Akafungua mdomo kusema. Ndani kabisa, chini ya mbavu, kitu kikajifunga.

Ta!