Wivu wa Ignasi na Kikohozi Chake

Ignasi aliuza sufuria Kariakoo. Ulikuwa mwaka 1976. Mkewe, Euphrasia, alikuwa amemaliza miaka mitatu ya mafunzo ya uganga msaidizi. Sasa alifanya kazi katika zahanati ndogo Mchafukoge. Alipima wagonjwa, akatambua ugonjwa, akawaandikia dawa.

Majirani walimsifu. Ignasi alinuna. Kilichomuuma zaidi ni Bakili, mganga msaidizi aliyesoma na Euphrasia na sasa alifanya naye kazi. Kila jioni Euphrasia alisimulia Bakili kafanya hivi, Bakili kasema vile. Ignasi aliisukuma sahani kando.

Siku hizo alikuwa akikohoa, na usiku akitoka jasho jingi. Mkewe alimwomba aende akapimwe.

"Wapime wanaume wako huko," alimjibu.

Euphrasia akamhamishia mtoto wao, Josepha, chumba kingine, asilale karibu na baba yake. Ignasi aliona hata hilo ni kutengwa.

Asubuhi moja alifunga duka, akaenda zahanati ili awafumanie. Alikaa kwenye benchi na wagonjwa. Mlango ulikuwa wazi. Euphrasia na Bakili walikuwa wamemwinamia mtoto mwenye homa. Hawakutazamana hata mara moja. Mara kikohozi kikambana Ignasi. Alipojifuta mdomo, leso iliingia damu.

Bakili ndiye aliyetoka. Akamshika bega.

"Shemeji, unakohoa tangu lini?"

"Imepita mwezi."

"Tupime makohozi. Kama ni kifua kikuu, kinatibika. Ila dawa lazima uzimalize, hata ukijisikia mzima. Ukiacha katikati, ugonjwa unarudi na nguvu. Na mtoto apimwe pia, maana ukikohoa unaweza kumwambukiza."

Ignasi aliuchukia mkono ule begani, lakini hakuuondoa.

Kweli kilikuwa kifua kikuu. Josepha alipimwa, akakutwa salama. Ignasi alidungwa sindano, kisha akameza vidonge kwa zaidi ya mwaka. Alijifunza kuziba mdomo anapokohoa na kufungua madirisha hewa ipite. Alipopata nafuu alitaka kuacha dawa. Bakili alipita dukani, wakazungumza, na Ignasi akaendelea nazo mpaka mwisho.

Akapona. Wivu haukupona upesi hivyo. Jioni moja alimwambia mkewe, "Ukimtaja Bakili, bado moyo unaniuma."

"Afadhali umesema," Euphrasia alijibu. "Basi leo anza wewe. Habari za dukani?"

Ignasi akavuta kiti, akaanza kusimulia.