Laini Isiyooshwa Ziwani

Harufu ya usipa ilianza jikoni asubuhi ya Jumatatu, katika nyumba ambayo haikuwa imepika samaki mwezi mzima. Hildegardi alifunua masufuria, akachungulia nyuma ya gunia la mahindi.

"Baba Beatha, umeleta kitu kutoka Mbaha?"

"Sijaleta kitu," alijibu Tadei. Simu mkononi mwake ilikuwa imetoka kumwambia kuwa muamala umefanikiwa.

Alikuwa ameleta. Mdogo wake Osward, mvuvi, alizama Ziwa Nyasa, huko Mbaha, wiki tatu kabla. Kwa watu wa ufukwe ule, vitu vya mtu aliyezama havigawiwi mpaka mjane avioshe ziwani, kimoja kimoja, akivitaja, kwa sababu kilichomchukua mtu hudai na vitu vyake. Mjane, Marselina, alisimama majini hadi magotini akaosha nyavu, makasia, buti, hata miwani iliyovunjika. Bibi Kunigunda, mganga aliyesimamia, aliuliza mara tatu: "Kuna kingine?"

Tadei alinyamaza. Laini ya simu ya marehemu ilikuwa ndani ya soksi yake. Alijiambia kwamba laini si chombo cha ziwani.

Alijua ina nini. Siku moja kabla ya kufa, Osward alibeti mechi kumi na mbili, na mkeka wake ulitiki, mechi zote zikaenda alivyotabiri, wakati watu wanachimba kaburi. Milioni sita zilikuwa zimekaa kwenye pochi ya mtandaoni ya kampuni ya kubeti, na namba ya siri ilikuwa mwaka wa kuzaliwa wa marehemu. Kampuni iliruhusu kuhamishia benki milioni mbili tu kwa siku. Tadei alipanga kuzihamishia kwenye akaunti yake kwa siku tatu, Marselina asijue.

Fungu la kwanza liliondoka Jumatatu hiyo. Saa saba mchana mbwa wao alinyanyuliwa kwa miguu ya nyuma, na hakuna aliyeonekana kumshika, akapigizwa kwenye ukuta wa jiko mpaka akaacha kulia. Hildegardi aliosha damu. Ukutani palibaki mchanga mweupe wa ufukweni.

"Tumwite padri," alinong'ona.

"Labda ni chui."

"Chui gani anayenuka usipa?"

Jumanne Tadei alipanda shambani, akaketi ukingoni mwa shimo la ngoro, moja ya yale mashimo ya kulimia mteremkoni, akatuma fungu la pili. Kabla ujumbe wa benki haujaingia alimsikia mkewe akipiga kelele kule chini, akashuka mbio akiruka mashimo, na alipofika uani alimwona anaburutwa kwa nywele kutoka jikoni, kichwa nyuma, visigino vikichora mistari kwenye vumbi, anainuliwa na kubamizwa kwenye sakafu ya kuanikia kahawa, mara moja, mara mbili, mkono ukivunjika kwa mlio wa kuni kavu, na juu yake hapakuwa na mtu, ila maji tu yaliyodondoka kutoka mahali pasipo na kitu, matone mazito, kama ya mtu aliyetoka kuogelea.

Hospitalini Mbinga, Hildegardi alizungumza kwa shida. Midomo ilikuwa imepasuka.

"Kila kikinipiga kinauliza, 'Kuna kingine?' Baba Beatha, kingine gani?"

Tadei alimrekebishia shuka.

Jumatano aliteremka Mbaha. Marselina aliiona laini kiganjani mwake.

"Ina nini, shemeji?"

"Milioni mbili. Alizishinda kwenye kubeti."

"Mdogo wako aliniapia kuwa ameacha. Kumbe mmefanana."

Bibi Kunigunda aliwasubiri majini. Tadei alimpa shikamoo, hakuitikia.

"Taja vyote. Usibakize kitu mfukoni."

"Ndivyo vyote, bibi."

Marselina aliiosha laini, akaitaja, akataja na milioni mbili. Bibi Kunigunda alipiga maji kwa tawi. Chini ya miguu yao kitu kipana kiligeuka, mchanga ukachafuka, na maji yakamsukuma Marselina mpaka akashika bega la mganga. Kisha ziwa likatulia. Harufu iliyomwandama Tadei kwa siku tatu ikakatika.

"Kuna kingine?" aliuliza Bibi Kunigunda.

"Hakuna."

Alhamisi Hildegardi alikunywa uji, akaweza kukaa.

"Unatisha kuliko mimi," alimwambia. "Kanyoe ndevu, binti yako akija asikukimbie."

Tadei alicheka. Alimwambia anakwenda kinyozi. Alikwenda benki, akajaza fomu, akatoa zile milioni nne zote, ili Marselina akija kuulizia asikute kitu kwenye akaunti.

Aliporudi, wodi ilikuwa imejaa watu na haina sauti. Muuguzi, Sista Ottilia, alikuwa amelowa hadi kifuani. Kitanda cha Hildegardi kilivuja maji yaliyonuka usipa. Shingoni alikuwa na alama za vidole, virefu kuliko vya mtu, na bandeji ya mkono ilikuwa imechanwa.

"Tulikuwa watatu tukimvuta," alisema muuguzi kwa sauti ya chini. "Kitu kilimgandamiza kichwa kwenye mto, naye akitapika maji, maji yenye mchanga, na kila tulipomwinua kilimrudisha kwa nguvu zaidi, mpaka shingo ikalia. Baba, amezama. Hapa kitandani."

"Saa ngapi?"

"Ilianza saa sita na dakika kumi. Niliangalia saa."

Tadei alitoa risiti ya benki mfukoni. Ilikuwa imelowa, lakini ilisomeka. Saa sita na dakika kumi.

Nyuma yake, karibu na sikio, kitu kilivuta pumzi yenye maji.

"Kuna kingine?"

Hakujibu. Lakini alimfikiria Beatha, binti yao aliye bwenini kule Kigonsera, na papo hapo harufu ya usipa ikaondoka wodini, kama iliyojibiwa.